Firigisi Mbili na Yai Moja

Siku ya kuniaga mlinipa sanduku la nguo, kubwa, la magurudumu. Nimekaa nalo wiki ya tatu sasa najiuliza mlifikiri ninakwenda wapi. Anayenifahamu anajua kwamba safari yangu ndefu ya hiari ni kutoka nyumbani Kamunyonge mpaka sokoni, na hata huko narudi kabla chai haijapoa. Ndani ya sanduku nimeweka mahindi ya mbegu. Panya hawajalifungua bado. Asanteni sana.

Mliniomba pia niandike kidogo kuhusu kazi, ili watakaoingia baada yangu wapate pa kuanzia. Nimeishia kidato cha nne, kwa hiyo msitegemee ripoti yenye viambatanisho. Nitaandika kama ninavyoongea. Vyeo nitaviruka, maana nilipata kimoja tu, nacho kilikuwa cha kutunza funguo za kabati.

Ningependa kusema niliingia kwenye umoja wetu wa wanawake wapiga kura kwa uchungu wa nchi. Ukweli ni kwamba ofisi ilikuwa karibu. Vyumba viwili nyuma ya fundi cherehani, dakika nane kwa miguu ukitembea kama mtu mwenye heshima. Nilipiga mahesabu kwamba naweza kubandika maharage, nikaenda kazini, nikarudi kuongeza maji. Tangazo lilitaka mwanamke anayesoma na kuandika vizuri, asiye na kadi ya chama chochote. Kadi sikuwa nayo kwa sababu ya uvivu wa kupanga foleni. Wao wakaandika kwenye fomu kwamba sifungamani na upande wowote.

Siku ya kwanza nilipokelewa na mratibu, Mwalimu Perusi. Alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi, mwanamke mfupi, na aliongea na kila mtu kana kwamba kuna mtoto anachungulia nje ya dirisha badala ya kusikiliza. Aliniangalia viatu, akaniuliza kama ninavyo vingine. Nikasema vipo nyumbani. Akasema nikavichukue, tunakwenda Nyasura. Nilidhani Nyasura ni mtaa wa Musoma nisioujua. Kumbe ni Bunda, wilaya nyingine kabisa. Maharage yangu yaliungua siku hiyo, mume wangu akala mkate mkavu, na mpaka leo ananikumbusha.

Nyasura ndiko nilikojifunza kifaa chetu kikuu, yaani samaki. Tulikuwa na boksi la sabuni lililotobolewa juu, na karatasi za kura za mazoezi ambazo Mwalimu alizichora mwenyewe. Picha za watu hatukuweka, maana ukiweka picha ya mwanaume mwenye kipara, lazima kuna mgombea mwenye kipara. Kwa hiyo karatasi yetu ilikuwa na sato, sangara, kamongo na dagaa. Mama anaingia nyuma ya kanga iliyotundikwa, anaweka alama kwa samaki mmoja, anakunja, anatumbukiza, halafu tunahesabu mbele ya wote.

Nilidhani ni mchezo wa watoto. Siku ile dagaa walishinda, na mama mmoja aliyekuwa anauza sangara akakataa matokeo. Alidai hesabu irudiwe. Tulirudia mara mbili. Alipoona kura yake ipo kweli, moja, peke yake, akauliza kama kwenye kura zenyewe pia mtu anaruhusiwa kukaa na kuangalia zikihesabiwa. Mwalimu akamweleza habari za mawakala na matokeo yanayobandikwa ukutani kituoni. Njiani aliniambia kwamba mama yule mmoja ametosha kwa siku nzima. Mimi nilikuwa nawaza maharage.

Mengine ya miaka ile mnayajua. Kuna akina mama wa Buhare ambao vidole vyao vilikataliwa na mashine ya kuandikisha kwa sababu ya kumenya mihogo maisha yote. Tuliwafundisha kuloweka mikono kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kupanga foleni, na wengi wakapita. Kuna mwanaume aliyekuwa anafungia kitambulisho cha mkewe cha mpiga kura kwenye sanduku moja na karatasi za chanjo ya ng'ombe, akisema yote ni kutunza mali. Hatukugombana naye. Tulimpelekea shemeji yake mwenye sauti kubwa.

Sare yetu ilikuwa kitenge cha kahawia. Rangi zote nzuri zilishachukuliwa na vyama, tukabakiziwa rangi ya udongo wa mfinyanzi. Tukipita watu walidhani sisi ni kwaya iliyofiwa.

Na sheria zilikuwa tatu, Mwalimu alizisema kila asubuhi kabla ya kutoka. Usipande gari la mgombea. Usicheke utani wa mgombea mbele ya watu. Usile kwa mgombea. Ya pili ilinipa shida sana mimi, lakini iliyoniangusha ni ya tatu.

Mgeni wa kazi hii anaweza kudhani sheria ya kula ni rahisi. Hajakaa na watu wetu. Ukifika kwenye mji wa mtu Butiama, saa za chakula, ukakataa chakula, umemtukana mwenye mji, mke wake na sufuria. Kwa hiyo Mwalimu alitunga utaratibu. Tunabeba viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya uji, tunafika kijijini, tunakaa kwenye baraza la ofisi ya mtendaji wa kijiji, tunakula pale pale kila mtu akituona. Baada ya hapo ukikaribishwa unashika tumbo unasema nimeshiba, na mashahidi wapo.

Sasa uchaguzi wangu wa pili. Kijiji kimoja nje ya Butiama, jina naliacha kwa sababu wahusika wote wapo hai na wanajua nyumbani kwangu. Udiwani uligombewa na watu watatu: Wambura, mzee wa ng'ombe wengi; Magesa, mwenye mashine ya kusaga; na Rhobi, mjane, aliyekuwa anashona sare za shule. Na kulikuwa na Wegesa.

Wegesa hakugombea kitu. Alikuwa mke wa mtu, mkulima, mjamzito wa miezi saba. Ujauzito uliotangulia alijifungulia barabarani, juu ya kanga mbili, pikipiki imeegeshwa pembeni na dereva amegeuka kuangalia mahindi, kwa sababu zahanati ya kata haikuwa na chumba cha kujifungulia. Jengo la chumba hicho lilikuwepo, kuta zimesimama, ndani wanalala mbuzi. Mtoto yule hakuishi. Wegesa alikuja kwenye mafunzo yetu ya samaki mara moja, akakaa mpaka mwisho, akauliza kama wagombea wote watatu wanaweza kuitwa sehemu moja waulizwe swali moja mbele ya wanawake, na majibu yaandikwe. Mwalimu akasema hiyo ndiyo kazi yetu hasa. Wegesa akazunguka vitongoji vitatu kwa miguu, na tumbo lile, akiwaalika wanawake mmoja mmoja. Wengine waume zao walikuwa upande huu, wengine upande ule. Wakakubali kwa sharti moja, kwamba umoja wetu usiwe wa mtu. Mkutano ukapangwa Jumamosi.

Jumanne nikaenda peke yangu kuthibitisha benchi za shule na kipaza sauti. Mvua ilinikuta kabla sijafika kwa mtendaji, na ofisi yake ilikuwa imefungwa. Viazi vyangu vililowa mpaka vikawa uji, na uji ukawa maji. Mama mmoja akaniita kutoka kwenye mlango wa nyumba ya bati. Alinipa kanga kavu, akanikalisha karibu na moto. Alijiita Mama Wankuru. Ukutani hakukuwa na picha ya mgombea yeyote, na mimi hilo nikaliona kama uchunguzi wa kutosha. Alichinja kuku. Nikasema jamani usijisumbue, kwa ile sauti ambayo mtu anaitumia akitaka asikilizwe kidogo tu. Akasonga ugali wa mtama. Kisha akaniwekea firigisi, ambayo kwao anawekewaga mtu mzima wa heshima, tena mwanaume. Nilijisikia mkubwa. Nikaila, nikalamba na kidole.

Kosa langu ni kwamba sikuuliza. Huku kwetu ukiambiwa jina la mtu bado hujaambiwa kitu, unatakiwa uulize ni wa nani na ameolewa wapi. Mama Wankuru alikuwa mke mdogo wa Wambura.

Kesho yake asubuhi kijiji kizima, na kingine cha jirani, walishajua kwamba mama wa samaki amekula firigisi ya Wambura. Magesa akatuma ujumbe kwamba Jumamosi ana shughuli. Rhobi hakutuma ujumbe. Wanawake wa kitongoji cha juu wakamwambia Wegesa wamedanganywa, na hawaji. Wegesa alinipigia simu. Sijawahi kusikia mtu ananyamaza kwa muda mrefu hivyo kwa vocha yake.

"Mama Neema," akasema mwishowe, "ulishindwa kusema umeshiba?"

Nikamweleza mvua, nikamweleza viazi. Akasikiliza yote.

"Mimi nimetembea wiki sita," akasema. "Wewe umekaa mara moja."

Nilikwenda ofisini nikachukua karatasi, nikaanza kuandika barua ya kuacha kazi. Sitasema nililia, ila niseme tu kwamba karatasi ya kwanza haikufaa kutumwa. Nilishaona maisha yangu yaliyobaki: nyumbani, maharage, hakuna mvua. Yalinivutia sana. Mwalimu Perusi akaisoma juu ya bega langu, akasahihisha neno moja, akaniuliza, "Una njaa?"

Nikasema sina.

"Basi itabidi uipate. Alhamisi unakwenda kula kwa Magesa na kwa Rhobi. Firigisi kwa firigisi. Mchana, mlango wazi, watu wakikuona."

Nilimwambia sheria inakataza. Akasema sheria umeshaivunja, sasa tunaivunja sawasawa kwa wote. Na akaongeza kwamba barua yangu ataitunza, kama nikipasuka njiani itakuwa imeshaandikwa.

Alhamisi nikafika kwa Magesa. Walishajua nakuja na walijiandaa kumpita Wambura. Kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye nguzo, ananiangalia. Nilianza mazungumzo ambayo hakuna semina iliyonifundisha. Nikamwambia mke wa Magesa kwamba naomba kuku. Akauliza kwani mbuzi ana ubaya gani. Nikasema hana, tena ni mzuri, ila kule nililetewa kuku mmoja, ugali wa mtama na firigisi moja, na nikila zaidi hapa basi nimehamia kwenu. Akacheka mpaka akashika mlango. Magesa mwenyewe akatoka kusikiliza.

"Kwa hiyo unatupima kwa firigisi," akasema.

"Najipima mwenyewe, mzee wangu. Mizani iliharibika kwangu."

Nikazuia mdomo usicheke, kwa sababu ya sheria ya pili. Kuku akachinjwa. Majirani wakasogea uani kana kwamba ni harusi. Nikala, firigisi wakaiona inaingia, na mtoto mmoja akatangaza kwa sauti kwamba ameimeza. Mbuzi akafunguliwa. Nadhani ndiye pekee aliyenufaika na siku ile bila masharti.

Nikatembea mpaka kwa Rhobi nikiwa nimelegeza kitenge mara mbili. Nilimkuta barazani kwenye cherehani, anashona kola. Hakusimama. Shikamoo nilimpa mimi ingawa umri tulikaribiana, na akaipokea kama haki yake.

"Umekuja kwangu wa mwisho," akasema, "na umekuja umeshiba."

Nikakaa kwenye ukingo wa baraza. Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Mimi sina kuku wa kuchinja, mama. Nina mmoja na analalia mayai. Sasa usawa wako huo unafanyaje? Mwenye kuku ndiye mwenye nafasi ya kukaa sawa na wenzake?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Kuja na kuku wangu ingekuwa zawadi kwa mgombea, jambo baya zaidi. Nikamwambia ukweli, kwamba nilifanya ujinga Jumanne, na leo najaribu kuurekebisha kwa ujinga mwingine wenye mpangilio. Hapo aliniangalia kwa mara ya kwanza. Akaenda ndani, akarudi na yai moja la kuchemsha kwenye kisahani na chumvi pembeni. Akaliweka juu ya meza ya cherehani.

"Kula. Lakini yai halitoshi na wewe unajua halitoshi. Jumamosi usimame mbele yetu wote, kabla ya swali lolote, useme ulichofanya kwa mdomo wako. Ukisema, nakuja. Usiposema, Wegesa atakusamehe lakini mimi siji."

Nikala yai. Lilikuwa gumu kushuka kuliko kuku wote wawili.

Jumamosi benchi zilijaa, wengine wakakaa chini kwenye nyasi. Kitongoji cha juu walikuja, ila walisimama nyuma kabisa karibu na lango, tayari kuondoka. Wegesa alikuwa mbele, daftari mapajani. Mama Wankuru alikuwepo pia, amejifunika kanga mpaka kidevuni, na nilijua anafikiri nitamtaja kama aliyenitega. Wagombea watatu walikaa viti vya shule, vya aina moja, Mwalimu alihakikisha.

Nikasimama. Nikasema jina langu na ninapokaa. Nikasema kwamba Jumanne nilinyeshewa, mwanamke mwema akanipa moto na chakula, yeye hakukosea kitu, aliyekosea ni mimi kwa sababu niliweka tumbo mbele ya kazi na sikuuliza niko kwa nani. Nikasema tangu hapo nimekula kwa wote watatu, na kwamba mkitaka kujua nani ana upishi bora sisemi, hiyo ni kura ya siri. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, halafu benchi moja, halafu zote. Mama Wankuru akateremsha kanga. Nilipokaa, wale wa langoni walikuwa wamesogea mpaka katikati ya uwanja.

Wegesa akasimama akishikilia kiuno. Aliuliza swali lake bila kupamba. Alisema alizaa barabarani, mtoto hakuishi, jengo lipo na mbuzi wanalala ndani. Ukichaguliwa, utafanya nini, na lini? Akakaa, akafungua daftari.

Mmoja aliahidi chumba na vitanda ndani ya mwaka. Mmoja alisema atapeleka hoja kwenye baraza la halmashauri kikao cha kwanza, na kama ikikataliwa atarudi kuwaeleza nani aliikataa. Mmoja alisema hajui bajeti ikoje, ila mbuzi watatoka wiki hiyo hiyo, achaguliwe asichaguliwe. Sitawaambia nani alisema lipi. Wegesa aliandika yote, akawasomea, kila mmoja akaweka sahihi chini ya maneno yake. Magesa aliomba kubadilisha neno moja, wanawake wakamkatalia. Haya, jina hilo limenitoka, lakini lilitoka kwa kalamu na sifuti.

Uchaguzi ukapita. Mmoja wao akawa diwani. Mbuzi walitoka. Wegesa alikwenda kukaa kwa dada yake Butiama mjini wiki tatu kabla ya siku zake, kwa sababu wanawake wa vitongoji vyote vitatu walipangiana zamu ya kumlimia shamba. Alijifungua mtoto wa kike, salama. Chumba hakikuwepo bado.

Mwaka ulipotimia tukamwita diwani uwanja ule ule. Alikuja, amevaa vizuri, akazungumza juu ya barabara. Alizungumza vizuri kweli. Alipomaliza Wegesa akasimama, mtoto mgongoni, akafungua daftari, akamsomea diwani maneno yake mwenyewe na kumwonyesha sahihi. Diwani akavuta daftari karibu. Akauliza kama ni kweli alisema hivyo.

"Ulisema," wakajibu, na sauti zilitoka kila benchi, za wale waliompa kura na za wale waliomnyima.

Wegesa akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sasa anaweza kukaa. Nikamwambia bado, muulize chumba kitaanza mwezi gani.

Akamuuliza. Diwani akataja mwezi. Wegesa akauandika. Mwezi huo mafundi walikuja na saruji, wakiwa wamechelewa siku nne, na Wegesa akaziandika na hizo nne.